Fomula Ilikuwa na Kitovu Kimoja, Picha Ikaleta Tisa

Fomula yenyewe ni fupi: z = sin(x² + y²). Hata kabla ya kuichora unaweza kukisia sura yake. x² + y² ni mraba wa umbali kutoka katikati, kwa hiyo nukta zote zilizo umbali mmoja kutoka katikati zina kimo kimoja. Ni kama jiwe lililotumbukia kwenye maji matulivu: mawimbi ya duara yanatoka kwenye kitovu kimoja na kusambaa, ila haya yanazidi kubanana kadiri yanavyokwenda mbali. Usiku mmoja niliiandika kwenye kompyuta, nikawapa x na y nafasi ya kutoka −10 hadi 10, nikabonyeza. Uso uliojitokeza ulikuwa mzuri mno. Ulikuwa na vitovu tisa.

Kimoja kilikuwa katikati, mahali pake. Vinne vilikaa juu ya mihimili, karibu na 7.8 kila upande, na vinne vingine vilijipanga kuelekea kwenye kona. Kila kimoja kilikuwa na mawimbi yake ya duara, mengine yakikatwa na ukingo wa picha. Kati ya kitovu na kitovu uso ulikuwa umekunjamana kama karatasi iliyofinywa. Mpangilio wake ulikuwa nadhifu kiasi kwamba mtu asiyeijua fomula angeamini hivyo ndivyo ilivyo. Mimi nilijua sivyo. Kimo kinategemea umbali kutoka katikati tu, hakuna namna yoyote nukta iliyo karibu na (7.8, 0) ingeweza kuwa kitovu cha chochote.

Nikaongeza nukta ambazo kompyuta inazikokotolea kimo. Mwanzo nilikuwa na nukta 100 kila upande, nikaweka 1,000, yaani nukta milioni moja kwa jumla. Picha ikarudi na vitovu vyake vilevile tisa, havikupungua hata kimoja. Hapo ndipo nilipohangaika kweli, kwa sababu dawa ya kawaida ilikuwa imeshindwa. Nikaikagua fomula, nikaikagua gridi, yaani mpangilio wa zile nukta, nikakokotoa vimo vya nukta chache kwa mkono na kuvilinganisha na vya kompyuta. Vyote vilikuwa sahihi. Namba zilikuwa za kweli na picha haikuwa ya kweli.

Jibu lilikuwa kwenye maelezo ya matumizi ambayo sikuwa nimeyasoma. Nilikuwa natumia Matplotlib, maktaba ya amri za kuchora ya lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyoanzishwa na John D. Hunter mwaka 2003, na amri yake ya plot_surface inaeleza wazi kwamba isipoambiwa vinginevyo huchukua sampuli 50 hivi kila upande. Ukiipa nukta 1,000, inachagua moja katika kila 20 na kuziacha nyingine zote. Kwa hiyo nilipotoka 100 kwenda 1,000 nilimwongezea kichakataji kazi, lakini uso uliochorwa ulikuwa na hatua ileile ya takriban 0.4 kati ya nukta na nukta.

Sasa angalia hesabu inavyokaa. Ukiwa umbali r kutoka katikati, urefu wa wimbi moja la fomula hii, kilele hadi kilele, ni takriban π gawanya kwa r. Karibu na 7.85 urefu huo ni 0.4, sawasawa na hatua yangu. Kila nukta iliyochukuliwa ilitua mahali palepale pa wimbi linalofuata, na mawimbi yaliyopita katikati hayakuonwa na mtu. Mtu akichungulia dirishani mara moja tu kwa siku, saa ileile kila siku, ataapa kwamba jua halisogei. Ndivyo gridi yangu ilivyoapa kwamba pale pametulia, na panapotulia katikati ya mawimbi ndipo jicho linapoona kitovu. Niliposema nataka sampuli 400 kila upande, hatua ikashuka hadi 0.06, na vitovu vinane vikatoweka kwa mpigo. Kikabaki kimoja.

Nimeisimulia habari hii kwa watu wengi kwa sababu inaonyesha kitu ambacho programu nzuri huficha bila kukusudia. Hakuna programu inayochora uso. Inatandaza gridi sakafuni, na kwenye kila makutano inasimamisha nguzo yenye kimo cha z. Kisha inavuta vipande vidogo vya kitambaa kutoka ncha ya nguzo hadi ncha ya nguzo. Fomula imeulizwa kwenye nguzo peke yake. Kitambaa ni makisio. Programu ya gnuplot, iliyoanza mwaka 1986 mikononi mwa Thomas Williams na Colin Kelley, huanza na mistari 10 tu kila upande usipoiagiza zaidi. Kwa bakuli la z = x² + y², kumi inatosha kabisa. Kwa mawimbi yangu, hata 50 ilikuwa haba. Swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja: kitu kidogo kuliko vyote ndani ya fomula hii kina upana gani, na hatua yangu inaweza kukiruka?

Lakini sitaki ionekane kama kazi hii ni ya kukamata makosa. Naipenda kwa sababu nyingine, na sababu hiyo naweza kuionyesha kwa fomula ndogo kuliko zote: z = xy.

Ichore. Utaona tandiko la farasi, limeinuka kwenye kona mbili zinazotazamana na kushuka kwenye kona nyingine mbili. Watu wengi huiangalia kwa pembe ileile programu iliyowaletea, wakasema nimeiona, wakaendelea na mengine. Shika kipanya uizungushe polepole. Fuata uzi mmoja wa gridi kwa jicho, wowote ule, kutoka ukingo hadi ukingo. Umenyooka kama rula. Fuata wa jirani yake, nao umenyooka, ila umeinama kidogo zaidi. Fuata zile zinazokatiza, nazo zote zimenyooka. Uso mzima umepinda na hakuna uzi mmoja wa gridi uliopinda. Kwenye karatasi sababu inaonekana mara moja: ukiishikilia x isibadilike, mathalani iwe 3, z inakuwa 3y, na huo ni mstari mnyoofu. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye daftari zaidi ya mara moja bila kuyaona. Nilipouzungusha uso ndipo yaliponiingia.

Wajenzi waliliona jambo hili zamani. Félix Candela alijenga paa za zege nyembamba zenye umbo hili, na ile ya Los Manantiales kule Xochimilco, Mexico, ilikamilika mwaka 1958. Zege iliyopinda inamwagwa juu ya mbao zilizonyooka, kwa kuwa mbao nyoofu zinaweza kulalia uso huo mmoja baada ya mwingine. Hakuna haja ya kupinda ubao hata mmoja.

Linganisha na z = x² − y², ambayo ni tandiko lilelile likiwa limezungushwa nyuzi 45 na kubadilishwa kimo. Hapa nyuzi za gridi zote zimepinda. Uso una mistari minyoofu vilevile, ila inapita mshazari, na gridi haiioni. Gridi ni chaguo la mchoraji. Ukichagua vingine, uso uleule unakuambia mambo mengine.

Nililielewa hilo vizuri zaidi kwenye fomula yenye kidonda katikati: z = xy/(x² + y²). Kwenye (0, 0) unagawanya kwa sifuri. Gridi ya kawaida ya miraba ikiwa na nukta pale katikati, programu inaacha tundu. Ikiwa haina nukta pale, kitambaa kinavutwa juu ya kidonda na unaona mgongo uliochakaachakaa, wenye meno, unaobadilika kila ukibadilisha idadi ya nukta. Picha inayobadilika sura kila ukiongeza nukta inakuambia kitu, na watu wengi huikasirikia badala ya kuisikiliza. Tembea kuelekea katikati kwa njia ya y = x: kimo ni 1/2 njia nzima, hakibadiliki. Tembea kwa y = −x: ni −1/2. Tembea juu ya mhimili: ni 0. Kila njia inafika katikati ikiwa na kimo chake, na hakuna kimo kimoja cha kuwapatanisha wote.

Basi acha miraba. Tumia gridi ya duara: nusukipenyo r na pembe θ, kisha x = r cos θ na y = r sin θ. Fomula inageuka kuwa nusu ya sin 2θ. r imetoweka kabisa! Uso unaoupata ni safi: miale iliyonyooka, iliyolala mlalo, inayopanda na kushuka kadiri unavyozunguka, yote ikikimbilia kwenye nguzo moja ya katikati kuanzia −1/2 hadi 1/2. Yale meno yalikuwa ni gridi ya miraba ikihangaika na uso usiokuwa wake.

Kuna wakati uso unachorwa kwa ajili ya kitu kilichopo duniani, na hapo hadhari inaongezeka. Mwaka 1873 Johannes van der Waals alitoa fomula ya gesi inayokumbuka kwamba molekuli zina ukubwa na zinavutana. Ukipima kila kitu kwa kukilinganisha na nukta ya pekee ambapo tofauti kati ya kimiminika na gesi inatoweka, fomula inakuwa nyepesi: P = 8T/(3V − 1) − 3/V². P ni shinikizo, V ni ujazo, T ni halijoto, na kwenye nukta ile ya pekee vyote vitatu ni 1.

Mara ya kwanza niliichora kuanzia V ya 0.34. Nikaona ukuta upande mmoja na uwanda mtupu upande mwingine, basi. Ukuta unatokana na kugawanya: V ikikaribia 1/3, chini ya mstari panakaribia sifuri. Kwenye V = 0.34 na T = 1, shinikizo linafika 374. Mhimili wa z unajinyoosha ili kuupisha ukuta huo, na chochote kisichozidi 1 kinalala chini kama vumbi. Nilipoanzia 0.5 na kuipa T nafasi ya kutoka 0.8 hadi 1.2, jambo lililokuwa limelala likaamka. Upande wa halijoto ya juu uso unateremka vizuri kadiri ujazo unavyoongezeka. Ukishuka chini ya T = 1, uso unaingia bonde. Kata uso kwenye T = 0.85 uone: kwenye V = 0.5 shinikizo ni 1.6, linaporomoka hadi karibu 0.05 kwenye V ya 0.67, kisha linapanda tena hadi 0.62 kwenye V ya 1.72, ndipo linaanza kushuka taratibu.

Pale linapopanda ndipo penye habari. Kitu ambacho shinikizo lake linaongezeka unapokipanua hakiwezi kutulia hivyo. Kinajigawa, sehemu ikawa kimiminika na sehemu ikabaki gesi. Bonde lile ndilo kuchemka, na mvuke kurudi kuwa kimiminika, likiwa limeandikwa kwa vigawanyo na vipeo. Mwaka 1875 James Clerk Maxwell alionyesha namna ya kulipitia kwa mstari wa mlalo unaokata maeneo mawili yaliyo sawa, moja juu ya mstari na jingine chini.

Maxwell huyuhuyu ndiye ninayemkumbuka kila ninapozungusha uso kwa kidole. Josiah Willard Gibbs alikuwa ameeleza mwaka 1873 uso unaounganisha nishati, entropia (kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika) na ujazo wa kitu kimoja. Maxwell aliusoma, na mwaka 1874 akaufinyanga kwa udongo, akatoa nakala za plasta, na moja akamtumia Gibbs kule Chuo Kikuu cha Yale. Ili kupata mistari ya halijoto moja na ya shinikizo moja, aliuweka uso huo juani na kufuata kwa kalamu pale miale ya jua ilipoupapasa bila kuupiga. Kazi hiyo leo inafanywa na kompyuta kufumba na kufumbua. Lakini aliyeufinyanga uso kwa mikono yake alilazimika kuijua kila nundu, kwa sababu hakuna nundu iliyojichora yenyewe.

Kuhusu rangi nitasema kidogo, maana hapa nina msimamo. Rangi za upinde wa mvua ni mbaya kwa kazi hii. Utepe wa njano unang'aa kuliko jirani zake, na jicho linaona ukingo mahali ambapo uso ni laini. Programu ya MATLAB iliachana nazo kama chaguo la mwanzo mwaka 2014, na Matplotlib mwaka 2017 ilipohamia kwenye safu ya rangi iitwayo viridis, ambayo mwanga wake unaongezeka hatua kwa hatua kutoka zambarau hadi njano. Chapisha picha hiyo kwa nyeusi na nyeupe na bado utajua juu ni wapi.

Na kuhusu kimo: fomula ya Rosenbrock ya mwaka 1960, z = (1 − x)² + 100(y − x²)², ina bonde lililopinda ambalo sehemu yake ya chini kabisa ni (1, 1). Ukiichora x kutoka −2 hadi 2 na y kutoka −1 hadi 3, kona moja inafika 2,509. Nukta ya (−1, 1), iliyo ndani ya bonde lakini mbali na shabaha, ina kimo cha 4. Kwenye mchoro wa kimo cha sentimita 10, hiyo 4 ni milimita 0.16, unene wa karatasi. Unaona bonde tambarare na huoni linateremkia wapi. Chora logarithimu ya 1 + z badala ya z, na zile milimita 0.16 zinakuwa sentimita 2. Ila andika kwenye mhimili kwamba ni logarithimu. Anayetazama ana haki ya kujua.

Vigeu vikizidi viwili, hakuna uso tena wa kuchora, kwa hiyo kimoja kigandishwe. Weka kitelezi, kama programu ya GeoGebra inavyoruhusu, na ukisogeze huku uso ukipumua mbele yako. Mimi hupenda zaidi kusimamisha picha tatu au nne kando kwa kando, kwa sababu kwenye kitelezi kumbukumbu yangu ya picha iliyopita hufifia haraka.

Niishie kwenye uso ambao bado nauchora mara kwa mara. Giuseppe Peano aliuweka mezani mwaka 1884, na naweza kuuandika hivi: z = (y − x²)(y − 2x²). Kwenye (0, 0) kimo ni 0. Kata uso kwa mstari mnyoofu wowote unaopita hapo, kwa pembe yoyote, na kwenye kila mkato utaona kwamba sifuri ndiyo sehemu ya chini ya mahali hapo. Mikato yote inakubaliana, bila hata mmoja kupinga. Kwenye skrini nako unaona bakuli lililotulia.

Lakini kati ya parabola y = x² na parabola y = 2x², mabano moja ni chanya na jingine ni hasi, kwa hiyo z iko chini ya sifuri, hadi pale penye (0, 0) penyewe. Katikati si sehemu ya chini hata kidogo. Mstari mnyoofu wowote unaoifikia katikati unatoka nje ya ukanda huo kabla ya kufika. Ukanda umepinda na mstari haupindi. Kina chake pia ni kidogo mno. Kwenye x = 0.1 ukanda una upana wa 0.01 na kina cha 0.000025. Gridi yenye hatua ya 0.02 inaupita bila kuukanyaga.

Nilipotupa rangi zote na kubakiza mbili, moja kwa z iliyo juu ya sifuri na moja kwa iliyo chini, nikautazama uso kutoka juu, ukanda ukatokea: pembe mbili kama za ng'ombe, zimeinuka kushoto na kulia na kukonda kuelekea shina. Kabla ya kufika katikati zilikatika. Nikajua ni gridi. Nikapunguza dirisha, x mara kumi na y mara mia moja, kwa sababu fomula hii ukiipunguza hivyo inarudi ileile, vimo tu vikiwa vimegawanywa kwa 10,000. Pembe zikatokea tena, zilezile, na zikakatika palepale karibu na katikati. Nikapunguza tena, x kutoka −0.01 hadi 0.01, y kutoka −0.0001 hadi 0.0003. Zikatokea tena.